Makokha wa Japani na Gunia Lake

Mpendwa Baba,

Zile filamu tatu za Kijapani ulizonunua kwenye mnada wa mizigo isiyo na mwenyewe, pale stesheni ulipokuwa mpagazi, ninazo bado hapa mtaani Tena, chini ya kitanda. Mikebe imeshika kutu, lakini namba ulizozipaka kwa rangi nyekundu zinasomeka: moja, mbili, tatu.

Unakumbuka Jumapili zetu za Makongeni? Tukitoka kanisani ulikuwa ukiziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, Mama akilalamika kwamba yatarudi na vumbi. Mashine yako kuukuu ya kuonyeshea haikutoa sauti, na maandishi ya filamu hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo ulisimama na fimbo kando ya shuka jeupe ukatusimulia. Mwigizaji alikuwa yuleyule katika zote tatu, nawe ukambatiza Makokha. Katika ya kwanza alibeba gunia nyuma ya wenzake. Katika ya pili alikuwa shujaa mwenye upanga, na katika ya tatu mzee mwenye mvi. Ukasema ndivyo mtu anavyopanda cheo.

"Na huyu Makokha ataoa lini?" Mama Atieno, jirani yetu, aliuliza kila wiki.

"Tulia, mama. Kwanza atue gunia."

Mwezi jana nilimwonyesha mikebe hiyo mwalimu Mjapani anayetufundisha uigizaji. Akasoma miaka iliyoandikwa, akacheka kidogo, kisha akanionea huruma. Baba, ulizipanga kinyume. Makokha alianza na upanga. Zile mvi zilikuwa za kupaka, akiwa bado kijana. Gunia ndilo lililokuja mwisho: filamu zilipoanza kusema, sauti yake haikupendwa, wakamsukuma nyuma.

Nililia, sikufichi. Nililia kwa ajili yako, yake na yangu pia. Miaka tisa nimeigiza wahusika wakuu jukwaani, na mwaka huu nimepata nafasi moja tu, katika filamu: mwanamke anayepita na beseni la maji kichwani, bila neno hata moja. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kukataa na kuachana na kazi hii kabisa. Nilibakiza kuutuma tu.

Kabla sijautuma, nikaitazama tena ile ya gunia. Nikakukumbuka ukigonga shuka kwa fimbo: "Wacheni kuangalia huyo mkubwa. Cheki huyu wa nyuma. Hilo gunia lina mahindi kweli." Wewe uliyebeba mizigo ya watu maisha yako yote usingedanganyika. Magoti yake yalikuwa yakitetemeka, Baba. Hakuna aliyemwambia aigize vizuri hivyo, na bado aliigiza.

Niliufuta ujumbe. Nina hamu ya kazi ambayo sijaisikia tangu nianze.

Lala salama. Namba za mikebe sijazigusa. Jumanne tunapiga picha za filamu hiyo mtaani Kware, na wameniletea beseni tupu ili nisichoke. Nimewaambia walijaze.

Bintiyo, mshika blanketi wa dirisha la mwisho