Kadi ya Gaskins Iliyopita Chini ya Mkasi Wangu

Mtaa wa Walnut, nyuma ya mahakama,
Pleasant Fork, Indiana.
17 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Lowell,

Salamu nyingi zikufikie huko Fairbanks kwenye barafu yenu. Goti linaendeleaje tangu wakupasue? Shemeji Nadine hajambo? Mie mzima kabisa. Miaka sabini na moja, meno yangu mwenyewe saba, na posta naenda kwa miguu bila fimbo, watu wananitazama kwa wivu. Dada yetu Imogene naye hajambo, mdomo wake ndio mzima kupita viungo vyote.

Sasa kuhusu huo mdomo. Najua ameshakupigia simu. Na Curtis wa duka la kadi anamsimulia kila anayeingia, hata aliyekuja kuuliza njia. Wote wanaisimulia vibaya! Imogene anaruka mwanzo, na Curtis hakuwepo. Mie nilikuwepo, tena mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Kwa hiyo nisikilize mie.

Kwanza kabisa, tumeshinda! Vijana wetu wa mpira wa kikapu wamechukua kombe la wilaya kwa pointi moja, sekunde mbili zimebaki. Gari la zimamoto likawapakia, likazunguka mahakama mara tatu king'ora kikilia. Watakwambia nililia. Ulikuwa moshi wa lile gari.

Basi ahadi ikawa imefika. Unakumbuka ile 1986, tuliponunua lile boksi la kadi za picha za wachezaji wa kikapu pale duka la dawa, pakiti thelathini na sita, tukaapa hatulifungui mpaka Pleasant Fork wachukue kombe? Tulidhani ni mwakani. Miaka thelathini na mitatu, bwana! Boksi limekaa juu ya kabati la taulo kwenye duka langu la kunyolea, mie nikazeeka chini yake, nikafunga kazi, lenyewe bado na plastiki yake linang'aa kama bibi harusi.

Na najua ulichokuwa unakingoja humo. Terrell Gaskins, kadi ya mwaka wake wa kwanza kwenye ligi. Mtu mwenye akili angemchukia. Mlipokuwa shule alikufunga pointi arobaini na moja usiku mmoja, tena wewe ndiye uliyeambiwa umkabe! Lakini wewe, kila Krismasi ukipiga simu, "Hoyt, boksi lipo? Gaskins yumo?" Ungeweza kwenda dukani ukanunua kadi yake moja, ukakataa. Ulisema utaipata kwenye boksi letu au huipati kabisa. Na mie nikakuahidi. Sijasahau.

Basi Jumapili baada ya kanisa, kwa kuwa goti limekuzuia, tukalifungua bila wewe. Imogene akakalia kile kiti changu cha kunyolea kwa niaba yako, pakiti kumi na nane mapajani. Mie zangu kumi na nane nikazipanga kwenye sinki. Mchungaji Stan alikuja kuwa shahidi, ingawa nadhani alikuja kwa ajili ya mikate yangu iliyojazwa nyama ya nguruwe ya kukaanga, nyama inaning'inia nje pande zote.

"Fungua taratibu, Imogene," nikamwambia. "Hiyo si barua ya kampuni ya umeme."

"Usinifundishe. We mwenyewe kopo la maharage linakushinda."

Kila pakiti ilikuwa na chingamu yake bado. Nikatia moja mdomoni.

"Mzee Hoyt!" mchungaji akashtuka. "Hiyo ni ya kabla sijaokoka!"

"Basi nayo iombee," nikamwambia, na hapo hapo ikageuka unga, nikakohoa mpaka Imogene akanipiga mgongoni, tena kwa furaha kuliko ilivyohitajika.

Kadi zenyewe, Lowell, aibu tupu. Wachezaji wa akiba tu, masharubu na kaptula fupi. Mmoja tulimpata mara sita, jamaa anaonekana kama amepigwa picha akingoja basi. Mchungaji akaanza kusinzia.

Halafu Gaskins akatokea. Kwenye pakiti yangu ya kumi na moja. Nasema YANGU. Imogene atakwambia ilitoka kwenye mapaja yake. Usimsikilize, hata miwani hakuwa amevaa.

Imogene akasema, "Jamani, Lowell angekuwepo." Mchungaji akazinduka usingizini, akaandika saa na dakika kwenye daftari lake, kama shahidi.

Kona nne kali, rangi mbichi, Gaskins yuko hewani na mkono wake mrefu ule ule uliokutesa. Kasoro moja tu. Ule mpaka mweupe unaoizunguka picha, kushoto mnene, kulia mwembamba kama uzi. Picha imekaa upande.

Lowell, nimenyoa kaunti hii miaka arobaini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kushuka kwenye kile kiti upande mmoja umezidi mwingine. Nikaitazama ile kadi, nayo ikanitazama. Mkono ukaanza kuniwasha. Mkasi ulikuwa pale pale kwenye msumari wake.

"Hoyt, weka chini huo mkasi."

"Naisawazisha tu."

"Hoyt!"

"Kidogo tu, dada. Hata mama yake hatajua."

Wanasema nilikata kwa ujinga. Uongo! Nilikata kwa ufundi. Mkato mmoja, umenyooka. Nikaipuliza, nikaipiga brashi ya shingoni kwa mazoea.

Jumatatu nikaipeleka kwa Curtis, kifua mbele. Akaweka lenzi jichoni, akatazama kona, akatazama kingo. Akachukua rula. Akapima. Akapima tena. Akavua kofia.

"Mzee Hoyt, hii kadi imenyolewa?"

"Imesawazishwa."

"Na nani?"

"Na bingwa."

Akakaa kwenye kiti. Akanieleza polepole, kama anampa mtu habari za msiba, kwamba wapimaji wa kadi wanasamehe picha iliyokaa upande, wanasamehe hata kona iliyochoka, lakini kadi iliyoguswa na mkasi hawataki hata kuipa namba ya ubora. Vile ilivyotoka kwenye pakiti, ilikuwa na bei ya pikapu nzuri iliyotumika. Sasa ni ya kuwekea alama kwenye Biblia.

"Lakini imenyooka," nikamwambia.

"Imenyooka sana, mzee," akasema, na machozi yakamlengalenga. Kwa hiyo hata yeye alikiri.

Kadi nimeiweka humu, katikati ya makaratasi mawili magumu. Usiiuze, haiuziki. Itundike, umtazame Gaskins akiwa amebanwa sawasawa kushoto na kulia, kitu ambacho wewe hukuweza kumfanyia usiku ule.

Nisalimie shemeji Nadine, na binti yenu Becca na wanawe. Imogene anakusalimu, mchungaji Stan anakuombea goti. Mungu akutunze huko, akuondolee barafu mlangoni, akulete nyumbani ukitembea kwa miguu yako yote miwili.

Ni mie kaka yako nikupendaye, mwenye mkono thabiti,
Hoyt

Lowell, bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeichana tena. Kila nilichoandika ni kweli kasoro kimoja. Ile pakiti haikuwa yangu. Ilikuwa yako, ya kumi na moja, mapajani kwa Imogene, na miwani alikuwa amevaa. Gaskins alikuwa wako, na mie nikamkata.

Zangu nilifungua kumi na saba. Ya kumi na nane sijaigusa. Nimeirudisha juu ya kabati la taulo, na mkasi nimempa Imogene aufungie. Njoo uifungue wewe. Chingamu usile.