Nyanya za Zuhura

Jumanne, Julai

Nyanya zangu zimeungua zote kwa baridi, majani meusi kama yaliyochemshwa. Za jirani yangu Zuhura zimesimama, na mbegu tuligawana hapa hapa Usoke.

Leo bwana shamba amemsifu mbele ya kijiji kizima. "Huyu alichanganya chokaa kwenye udongo. Chokaa ina kalsiamu. Baridi ikigusa jani, kalsiamu ndiyo inayoupasha mmea habari ujikaze."

Mwaka jana alitufundisha hayo hayo. Nilicheka, nikasema chokaa ni ya kupaka kuta.

Jioni Zuhura kaja na nusu debe la chokaa. "Chukua, dada, upande tena."

Nimesema ahsante, na bado namwonea wivu. Angenicheka, ningemchukia kwa raha.