Arobaini Yako Itakuwa ya Maharagwe

Baba,

Sikuulizi hali. Yako tuliifunika udongo sisi wenyewe, na aliyebaki na mambo ya kueleza ni mimi. Nimekaa kwenye kile kigogo chako kando ya zizi, jua la adhuhuri limewaka juu ya mtaa wote wa Gudele, na nina kichefuchefu. Ninacho tangu matanga yako. Mwanzoni nilidhani ni malaria, nikameza dawa. Kumbe si malaria. Ni watu wako.

Uliniachia kondoo kumi na mmoja, dume mmoja na majike kumi. Watano walikuwa na mimba na uliwajua mmoja mmoja. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini kufua mashuka ya wageni kule kwenye hoteli ya makontena, ulikuwa umeshawapitia wote. "Kiden, macho kwanza," ulikuwa ukiniambia, huku umelivuta kope la chini kwa kidole gumba. "Yakiwa meupe ndani, huyo ana minyoo." Halafu mkono ubavuni, taratibu, unasikiliza kwa kiganja. Kisha ulikuwa ukitangulia kwenye majani kuokota mifuko ya plastiki wasije wakaimeza, na kuwatukana watu wote wa Juba wanaokunywa maji na kutupa tu. Majirani walicheka, eti mzee aliyetoka Kitale anafagia pori. Wacheke. Hakuna kondoo wako hata mmoja aliyekufa na plastiki tumboni.

Kisha ikaja ile homa ya siku nne, ukaondoka.

Baba mdogo Loro alifika kabla hata hujaoshwa. Unamkumbuka ndugu yako. Tangu amani isainiwe na yeye kurudi kutoka Uganda na kupata ofisi yenye kiyoyozi, alitutembelea mara moja tu, akasimama pale getini na kitambaa puani kwa sababu ya harufu ya samadi. Siku ya msiba harufu hakuisikia tena. Alizunguka uwanja mzima akielekeza viti viwekwe wapi na hema lifungwe wapi, kana kwamba kila kigingi alikipigilia yeye.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba binti wa marehemu hainuki siku tatu, hapiki, hafui, watu ndio wanaomjia. Nikakaa. Shangazi Poni alikaa ubavuni mwangu, mkono wake begani kwangu, mzito. Nikasikia lango la zizi linafunguliwa. Nikamsikia Baba mdogo akiwaambia vijana wake, "Chukua ile mnene. Ile iko na tumbo kubwa. Na ile ingine kule."

Tumbo kubwa, Baba! Watu hao hao ambao ukikaa nao dakika mbili wanakukumbusha kwamba sisi ni watu wa mifugo, babu zetu walikuwa na mifugo, damu yetu ni ya mifugo. Walikulia kambini kwa mahindi na mafuta ya msaada, na nyama walikutana nayo kwenye sufuria tu. Hilo siwalaumu, hata mimi sikukulia hapa. Lakini asiyejua si anauliza? Jike mwenye mimba ya miezi mitatu na nusu wakamwona kanenepa, wakamsifu, wakamkamata masikio.

Nilimwambia shangazi, "Hao wana mimba." Akaniambia, "Nyamaza, ya bit, we msichana. Siku ya kulia ni ya kulia tu." Nikanyamaza. Nilisikia wanavyoburutwa na nikanyamaza.

Walichinja sita. Wanne kati yao walikuwa wa mimba.

Siku ya pili Baba mdogo alisimama kutoa hotuba. Vidole vinang'aa mafuta, kipande cha nyama bado kiko shavuni, anasema marehemu alikuwa mfano wa kuigwa, kwamba tukishapiga kura ya kujitenga na nchi ikawa yetu, mifugo ndiyo itakayotulisha, siyo petroli. Watu wakapiga makofi. Katikati ya matanga yako, makofi. Nilizitazama taya zile zinavyopanda na kushuka nikahisi mate yamenijaa mdomoni.

Siku ya nne nikainuka. Nilichukua beseni la maji machafu nikaenda kuyamwaga nyuma ya choo, na hapo nikakuta gunia limeraruliwa na mbwa. Ndani walikuwa wanakondoo watano. Mmoja wa wale majike alikuwa na pacha. Walikuwa wameanza kuota manyoya, Baba. Kwato zao laini, rangi ya njano, unaweza kuzibonyeza. Midomo imefumbwa. Nzi ndio usiseme. Na ile harufu, sitaki kuiandika, lakini ndiyo inayonijia hadi leo nikifua mashuka ya watu. Nilitapika mpaka tumbo likabaki tupu, nikarudi kuchukua jembe, nikawazika penye uzio.

Nikaingia zizini. Kwenye dumu ulilowakatia la kunywea maji kulikuwa na makopo ya bia na mifupa. Ngozi sita zimetundikwa kwenye waya bila chumvi hata chembe, zimeoza, zinadondosha funza. Wewe ngozi moja uliitia chumvi kwa nusu siku nzima. Dume alikuwa amejibana pembeni na wale majike wanne waliobaki, na walikataa kunisogelea. Waliona nanuka kama wengine, na walikuwa sahihi.

Jumapili iliyopita Baba mdogo alirudi, sasa kwa ajili ya arobaini. Hakuuliza naishije. Aliuliza wamebaki wangapi. Nikamwambia hachinjwi mtu hapa. Akacheka, "Ya bit, arobaini bila nyama ni aibu. Watu itasema sisi iko maskini." Akanyoosha kidole, na unajua alimchagua nani? Yule jike mweusi mwenye doa kichwani, ndiye peke yake wa mimba aliyesalimika. Tena kwa ajili ya tumbo.

Nilimshika mkono, mkono ule wenye saa, nikauweka ubavuni mwa yule jike na kuushikilia hapo. Kwanza akadhani natania. Kisha mtoto akapiga teke. Nililiona teke hilo usoni mwake. Akauchomoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, mbele, nyuma. Nikadhani ameelewa. Mjinga mimi! Akasema, "Basi hii wacha. Tutachinja ile dume."

Nilicheka, Baba. Nilicheka vibaya mpaka akarudi hatua moja nyuma. Kisha nikamfukuza, ndugu yako, mtu ninayetakiwa kumpigia magoti. Nikashuka hadi madukani Hai Jalaba nikanunua kufuli, na ufunguo ninao kiunoni sasa hivi. Ameapa kwamba kesho baada ya sala atakuja na vijana wavunje lango mbele ya watu wote.

Kwa hiyo kesho, siku yako ya arobaini, watu watakula ugali na maharagwe. Nimeshayachambua na kuyaloweka. Najua ni aibu. Najua jina litakaloaibika ni lako kwanza. Ulilisha wageni vizuri maisha yako yote, hata kule ukimbizini tulipokuwa hatuna kitu. Kama umekasirika, nikasirikie mimi.

Lakini kuna jambo sijakuambia, na barua yote nimekuwa nikilizunguka.

Nilikula. Siku ya pili, kabla sijajua lililokuwa nyuma ya choo lakini nikijua vizuri kabisa ni akina nani waliochinjwa, shangazi aliniletea bakuli la mchuzi. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu ufe. Nikala nyama, nikanywa mchuzi, nikafuta bakuli kwa mkate. Nikaomba la pili. Ilikuwa tamu, Baba. Kila ninapomtukana Baba mdogo kwa zile taya zake, nazisikia zangu.

Kesho atakapofika langoni na vijana wake, nitakuwa nimesimama pale. Sitalia, sitasubiri shangazi aniruhusu. Nitawaambia wageni wako wote kilichokuwa kwenye lile gunia, walikuwa wangapi, na walitoka kwenye matumbo ya nani. Nitamtaja aliyewachagua. Halafu nitawaambia niliomba bakuli la pili.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine. Lala salama, Baba yangu. Mkekani nilinyamaza siku tatu nzima. Kesho utanisikia mpaka huko ulipo.

Mwanao,
Kiden