Rangi Uliyompaka Konsolata

Mdogo wangu Daforoza,

Wengi hudhani rangi ndiyo inayoua kucha. Wewe ulilikataa hilo miaka yote uliyokaa kwenye kiti chako pale saluni ya Gisimenti. Rangi haina neno, ulisema. Kinachoua kucha ni namna ya kuitoa. Tangu mpaka wa kaskazini ufungwe na asetoni ya kuiondolea iadimike, wateja wako walikuwa wakiikwangua kwa wembe, kisha wanakuja kukulaumu wewe kwamba kucha zao zinachanika kama karatasi.

Ni miezi miwili sasa tangu tukuzike. Sijalia. Nafagia, napika, nasali, nalala. Majirani wanasema mwalimu ana moyo mgumu. Huenda. Mimi mwenyewe sijui nina nini.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yako. Ile rangi nyekundu uliyompaka hospitalini, umeegemea mto, mkono ukitetemeka hadi ukapaka na ngozi ya kidole gumba, bado hajaitoa. Wakati wa ikiriyo, nyumba imejaa watu wa matanga, shangazi yake wa Kagarama alimshika mkono mbele ya wote. "Mama yako yuko ardhini, na wewe kucha zinawaka! Unakwenda kucheza harusi ya nani?" Konsolata akaficha mikono ndani ya kitenge. Akasema tu, "Ni mama aliyenipaka." Mimi nikainuka kwenda kuongeza chai.

Tangu hapo, kila Jumapili anapaka juu yake rangi ile ya maji, isiyoonekana, ili nyekundu yako isibanduke. Hazikati kucha zake. Zimekuwa ndefu, zinakwama kwenye nguo akifua, na sasa zimeanza kuachana na nyama. Maji ya sabuni yanaingia chini na hayatoki. Jana niliona gumba la kulia limegeuka kijani pembeni. Akiendelea hivi ataupoteza ukucha wote, na ni kwa mikono hiyo anataka kukalia kiti chako.

Nilimweleza kama nilivyozoea kueleza darasani. Ukucha huzaliwa kwenye shina, chini ya ngozi. Ndiyo maana ngozi ile haikatwi, husukumwa taratibu baada ya kuoga, ikapakwa mafuta. Kinachoonekana mbele kimekwisha kufa, ndiyo maana hakiumi kikikatwa. Nilikuwa nimekwisha kulitamka neno hilo, kufa, ndipo nikalisikia. Naye alilisikia. Akatazama vidole vyake, pale karibu na shina ambapo ukucha mpya umeota bila rangi.

"Mama Mkubwa, kwa hiyo hata nisipoitoa, inaondoka?"

"Inaondoka, mwanangu. Kidogo kidogo."

Nilikwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Asubuhi hii amekuja mwenyewe, ameketi mezani na chupa yako ya asetoni. Imebaki kidogo sana chini; inatosha vidole kumi, ikiwa hatutamwaga. Mkasi nimeuchemsha. Baadaye nitampeleka zahanati, muuguzi alione gumba, kwa maana hilo si la kufunika kwa rangi nyingine. Ameniuliza atabaki na nini. Nimemwonyesha kichupa chako cha rangi nyekundu. Kimebaki nusu. Nilikuwa nimekificha kwenye sanduku la vitabu, sijui kwa nini.

Nakuahidi hivi: gumba likipona, nitampaka mimi. Nitaanza na ile ya maji, kama ulivyokuwa ukifanya, ili nyekundu isiache doa la manjano. Mikono yangu imezeeka, nayo itatetemeka. Nitapaka hadi kwenye ngozi, na safari hii shangazi akisema neno, nitamjibu mimi.

Pumzika, Daforoza. Barua hii namsomea binti yako sasa hivi, kwa sauti, kwa hiyo neno la mwisho namwambia yeye.

Konsolata, lowesha pamba, ilaze juu ya ukucha, subiri hadi rangi ilainike. Usikwangue.