Karatasi ya Kaka Hamadi

Jumatatu, 3 Novemba
Guangzhou hii mwanamume ni mmoja tu: mimi. Wachina wote wapange foleni, hakuna wa kunishinda maneno. Leo soko la Shiling nimembana laoban, mwenye duka la mikoba, mpaka kashusha bei na soda kaninunulia. Mteja wangu wa Kariakoo, ninayemtafsiria, mdomo wazi.

Jumatano, 5 Novemba
Bandari ya Nansha. Kaka Hamadi kashuka melini kuniona. Baharia wa meli ya mafuta, Mswahili peke yake kati ya Wachina. Wamepakia dizeli, watapita Bahari ya Shamu kwa msafara, manowari zikiwalinda. Kule vita. Kaka hataki. Anataka kurudi Unguja, mkewe mjamzito. Wakala wa meli kampa karatasi ya Kichina: sahihi juu au chini, moja ya kwenda, moja ya kukataa. Kanipa nimsomee, nikamwambia ya kukataa ni ya chini.
"Mdogo wangu, una hakika?"
"Kaka, unamuuliza nani? Weka sahihi chini."
Kaweka. Tukala tambi.

Jumamosi, 8 Novemba
Sauti ya kaka kwenye simu. Yuko baharini! Kapteni kamwambia kakubali mwenyewe. Nikamjibu, Wachina hao wamekuchezea. Nikacheka. Kicheko kibaya.

Jumapili, 23 Novemba
Wameingia kwenye msafara. Meli sita, yao ya mwisho. Kaandika wanalala na maboya kifuani. Mimi sokoni sijaenda. Naogopa.

Jumanne, 25 Novemba
Kimya. Ujumbe wangu tiki moja.

Jumatano, 26 Novemba
Droni. Imepiga meli ya mwisho. Dizeli imewaka yote, meli imezama. Nimeona video, moshi mtupu. Nimekwenda kwa wakala na orodha ya waliookolewa iko mezani kwake. Kanitazama, kasema, "Meiyou." Hayumo. Nimelia chooni kwao, mlango nimefunga.

Alhamisi, 27 Novemba
Mama kapiga.
"Mwanangu, si mlikuwa pamoja? Mbona aliniambia haendi?"
Nikasema Wachina walimdhulumu. Mama kamlaani aliyefanya hivyo, yeye na kizazi chake. Nikaitikia amina. Mimi.

Jumamosi, 29 Novemba
Mvua. Nimeshinda kitandani.
Kichina nakiongea. Kusoma sijui hata herufi moja. Simu ilikuwa mfukoni, ningeipiga picha ile karatasi, simu yenyewe ingenisomea. Niliona haya kuitoa mbele ya kaka.
Nilibahatisha.