Mkanda Mpana wa Jelmer

Zwolle, 12 Januari

Dada Froukje,

Salamu nyingi kwako, kwa baba na nyonga yake, na kwa ng'ombe wote kasoro yule aliyenipiga teke. Mimi mzima, hata nimenenepa. Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza kujisifu unakata.

Basi soma, hapa hukati. Ofisi nzima, wenye digrii zao, hakuna anayenifikia. Kazi yangu ni kuchora sakafu za zege kwenye kompyuta. Hii ya sasa inabebwa na nguzo, chini yake maegesho ya baiskeli. Ukishaichora unaigawa mikanda, kutoka nguzo hadi nguzo. Programu inajumlisha mzigo wa kila mkanda, inaugawa sawasawa katika upana wake, kisha inakwambia utie nondo kiasi gani. Wenzangu wanachora mkanda mwembamba juu ya nguzo, mwingine katikati, wanajikuna vichwa kutwa. Mimi? Mkanda mmoja mpana, basi! Nondo nene zote zimetoweka. Nimeokoa lori zima la chuma kabla ya kahawa.

Muda wangu wa majaribio kazini unaisha mwisho wa Machi. Bosi wetu, Bi Geertrui, akinipa mkataba, sishiki chuchu ya ng'ombe tena maishani. Asiponipa, narudi kwako kushika ndoo. Niombee.

Mdogo wako, bingwa wa zege,
Jelmer

Oudega, 3 Februari

Bingwa,

Barua imefika, nasi tungali hai. Baba anakusalimu; nyonga imegoma kabisa, sasa hata soksi namvalisha mimi. Ng'ombe wako anakusalimu kwa mguu uleule. Mambo ya mikanda sikuyaelewa. Nilimsomea baba, akasinzia.

Jumapili kaka Sjoerd alikuja. Akamwambia jirani, nimesikia kwa masikio yangu: "Sisi ndugu watatu tunamtunza mzee kwa pamoja."

Nikamwambia, "Kweli kabisa. Wewe unakunywa kahawa, Jelmer anatuma salamu, mimi nafanya yaliyobaki."

Akacheka, akachukua biskuti ya pili. Ya pili, Jelmer!

Nakuombea mkataba, kwa moyo wote. Ila mikono yangu, alfajiri nikikamua peke yangu, inakuombea ushindwe. Usiisikilize.

Dada yako,
Froukje

Zwolle, 27 Machi

Dada,

Shikamoo. Ndiyo, umesoma vizuri, nimekuamkia. Baba hajambo? Nyonga je?

Nilinyamaza kwa sababu bingwa alianguka. Bi Geertrui alifungua sakafu yangu, akaondoa mikanda, ikabaki picha ya rangi tupu, ya kuonyesha mzigo ulipo. Juu ya kila nguzo pekundu kama damu. Kwingine kote buluu, shwari.

"Nani kachora mkanda huu?"

"Mimi."

"Jelmer, zege linavutwa zaidi hapa, juu ya nguzo. Wewe umeuchukua mzigo wa hapa ukazigawia sehemu za kule, ambazo hazibebi kitu. Kwenye karatasi kote salama. Kwenye jengo, hapa pangepasuka."

Mwingine angelia. Mimi nikasema, "Kumbe ni kama dada yangu Froukje na kaka Sjoerd wa biskuti!" Akauliza ni nani hao, nikamsimulia barua yako. Hakucheka, mama yule. Akaniuliza, "Na wewe, kwenye picha hiyo, una rangi gani?"

Nikaitazama ile buluu, shwari. Mimi, dada! Mimi, buluu!

Nikachora upya. Mkanda mwembamba juu ya nguzo, nondo nene zikarudi kusongamana palepale, na lori langu la chuma nalo likarudi. Sakafu nzuri, siyo kwamba najisifu. Najisifu.

Jana akanipa mkataba. Siku tano kwa wiki. Nikaomba nne.

"Ya tano unaipeleka wapi?"

"Penye wekundu," nikasema.

Akasaini.

Kwa hiyo nakuja Alhamisi jioni, na kila Alhamisi, hadi Jumapili. Kukamua, soksi, vyote. Tafadhali usiniamshe kabla ya saa moja.

Mdogo wako,
Jelmer

Oudega, 30 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Baba ameisikiliza barua yote bila kusinzia, kisha akaagiza nimnunulie soksi mpya.

Ng'ombe wanaamka saa kumi na moja, wao hawana mkataba. Mabuti yako yako mlangoni. La kulia nimetoa panya. La kushoto utaangalia mwenyewe.

Ijumaa asubuhi usinibishie hodi. Nitakuwa nimelala.

Dada yako,
Froukje