Dimsamu za Kurasini

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Uji umerudi tena. Chai pia. Nimemwaga majivu juu yake, nimefagia, nimepanda baiskeli kwenda bandarini kuandika magunia ya watu. Wiki ya tano sasa mke wangu Tekla hatulizi kitu tumboni. Mkunga anasema mimba changa ndivyo zilivyo, ila huyu amekonda mno, lazima ale. Mwaka jana ilitoka ya miezi minne. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Jioni ametaja hamu yake ya kwanza. Si embe bichi, si udongo, kama wake za wenzangu. Anataka dimsamu! Mimi mwenyewe nimejiponza. Tangu nitoke vitani namsimulia habari za Kolombo, mji wa bandari tulikopiga kambi: yule Mchina na vikapu vyake vya mianzi, vifuko vya unga wa ngano vyembamba hata kilichomo kinaonekana, vinaiva kwa mvuke mtupu. Nilisimulia kwa madaha. Sasa nizitafute hapa Dar es Salaam.

Jumatano, 6 Agosti

Hoteli kubwa ya Wazungu, mjini. Nimepita mlango wa jikoni. Mpishi Mgoa anazijua, huwapikia manahodha wa meli. Sahani moja, vipande vinne, bei ya shati jipya. Nilidhani anatania. Hatanii. Nimerudi Temeke na harufu ya tangawizi puani na hasira kifuani. Nauchukia mji huu leo.

Alhamisi, 7 Agosti

Maji ya ndimu. Nayo yamerudi. Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ghalani leo magunia ya majongoo bahari makavu, yanasafirishwa kwenda Hong Kong. Yananuka hadi kwenye kalamu. Mwenyewe ni Bwana Li, Mchina mfupi wa makamo, anaongea Kiswahili cha pwani kunishinda mimi Mnyamwezi. Mwaka mzima namwandikia hati zake, na sijawahi kumwuliza lolote zaidi ya uzito. Mjinga mimi. Leo nimemwuliza kuhusu dimsamu. Alicheka hadi akafuta macho. Kwake Kurasini, nyuma ya maghala, mkewe hupika kila Jumamosi kwa ajili ya vibarua wanaoanika majongoo. Tatu kwa senti kumi. Senti kumi! Nimeimba njia nzima.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa saba kazi imekwisha, mbio Kurasini. Vibarua wamechuchumaa, kila mmoja na kipande chake cha jani la mgomba. Mke wa Bwana Li yuko jikoni nyuma ya pazia. Inaonekana mikono tu ikitoa vikapu. Nimekula moja nimesimama, ikaniunguza ulimi, nikafumba macho. Tamu! Nikamfungia Tekla kikapu kizima.

Sikufika mlangoni. Bi Tatu, jirani yetu, ni Mzaramo, mtani wangu tangu siku tuliyohamia. Alikuwa barazani na wenzake watatu wakisukana. Kuona kikapu tu: "Mnyamwezi kaleta kodi! Lete hapa!" Akakinyakua. Kwa utani wetu, Mzaramo akichukua cha Mnyamwezi amechukua, na mwenye kununa ndiye mwenye aibu. Nikacheka kama desturi inavyotaka, moyoni nalia. Walikula zote. Sikuwa hata nimemaliza kuegesha baiskeli.

Kisha nikakumbuka. Zile za Kolombo zilikuwa za nguruwe. Na za leo sikuuliza. Kwangu mimi Mkatoliki si neno, ila wale ni Waislamu wanne, na Bi Tatu hapitwi na swala. Utani unaruhusu kunyang'anya, unaruhusu matusi, hata msibani. Hili hauruhusu. Nimejitupa kitandani na viatu. Tekla hajala kitu, na mimi nimelisha majirani haramu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia neno. Misa ilipokwisha, Kurasini tena. Nikamweleza Bwana Li. Alitazama pazia tu, na pazia likafunguka kwa kishindo. Muda wote nilidhani mkewe ni Mchina. Kumbe ni Bi Mwanaidi, Mzaramo mtupu, kanga na ushungi, mwiko mkononi. "Nguruwe aingie jikoni kwangu, mie mtoto wa Kizaramo? Huyu bwana kasilimu kabla hajanigusa mkono! Kamba hao, kamba wa hapa mtoni! Kabila gani wewe?"

Nikataja. Akapiga kigelegele. Mtani mwingine! Nimetozwa faini papo hapo: kupasua kuni hadi adhuhuri, nimevaa suruali ya kanisani. Sijawahi kupasua kuni kwa furaha kama ile.

Nilipomaliza akauliza nilikuwa namchukulia nani. Nikamweleza habari za Tekla. Akasema zikipoa zinanuka kamba, mwenye mimba hazivumilii, sharti azile zikitoka kwenye mvuke. "Jumanne nakuja mwenyewe."

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeungama kwa Bi Tatu. Kwanza alishika kifua. Nilipofika kwenye kamba alicheka hadi akakaa mchangani. Kufika magharibi mtaa mzima unaniita Bwana Nguruwe. Naitika.

Jumanne, 12 Agosti

Niliomba ruhusa, nikarudi mapema. Bi Mwanaidi amekuja na vikapu vyake kichwani. Yeye na Bi Tatu wameshajuana ukoo kabla moto haujawaka. Unga umekandwa uani, kamba wamekatwa, tangawizi imetwangwa. Nilitaka kusaidia, nikafukuzwa.

Tekla alikaa mkekani, shingo nyembamba, kitambaa puani. Ya kwanza aliitafuna taratibu mno. Mikono yote ilisimama. Hata ya Bi Tatu! Tulikuwa tunasubiri irudi. Haikurudi. Akanyoosha mkono. Ya pili. Kwenye ya tano akaomba pilipili. Nikatoka nyuma ya ua nikalia, wala sioni haya kuandika. Bi Tatu alinifuata, akanipa pindo la kanga yake nijifute, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Jumapili, 17 Agosti

Bi Tatu sasa anapika mwenyewe. Anakunja vibaya, zinapasuka, tunakula hivyohivyo. Jana ameuza barazani, bei ileile ya Kurasini, zikaisha. Tekla amekula kila siku tangu Jumanne. Uji pia.

Mchana napiga pasi shati la kesho, yeye anakunja nguo. Tangu mwaka jana kuna neno halitamki. Hata kwa mkunga husema "hali yangu" tu. Leo, anakung'uta shuka, akasema kitanda tukisogeze ukutani, mtoto atataka nafasi. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atalirudisha. Nimepiga pasi mkono uleule wa shati mara tatu.